Mama Aliyezaliwa Baada ya Mwanawe

Sostenes hakuzeeka kidogo kidogo kama watu wengine. Alizeeka siku moja, Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha chapati pale Rwamgasa, na aliyemzeesha ni Asteria mwenye kibanda, kwa maneno mawili tu.

"Shikamoo babu."

Kikombe cha chai kilisimama njiani kati ya meza na mdomo. Sostenes aligeuka kumtafuta huyo babu aliyeingia bila hodi. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa turubai na mbuzi mmoja, tena jike.

"Unamwamkia nani?"

"Si wewe hapo. Au siku hizi marahaba inalipiwa kodi?"

Kwa miezi mitatu Sostenes alikuwa akila chapati nne kila asubuhi. Tumbo lake lilitaka mbili. Mbili zilizozidi zilikuwa za mapenzi. Mkewe alishamkimbia mwaka wa sita huo, akidai hawezi kulala na mtu anayekoroma kama mashine ya kusagia mawe, na Sostenes alikuwa ameshajiamulia kwamba nafasi ile itajazwa na Asteria. Muda wote huo Asteria alimwita "kaka Sosi", kwa sauti ndefu ya kubembeleza wateja. Kilichomponza ni joto. Siku hiyo alivua kofia.

Chini ya kofia palikuwa na upara mkubwa, laini, unaong'aa kama sahani iliyolambwa, na pembeni yake nywele chache nyeupe zilizosimama kama watu waliokuja kwenye msiba na hawajui wakae wapi.

Alitoka pale bila kumaliza chapati ya tatu. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu. Hamsini na mitatu! Mgongo ulikuwa unauma tangu masika. Magoti yalikuwa yanalia kila akipanda ngazi za duara lake, maana ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na yeye alikuwa na duara lake mwenyewe na wachimbaji wanane. Wiki iliyopita jino lake lilibaki kwenye hindi la kuchoma. Aliyaunganisha yote hayo akaona kuna mkono wa mtu. Mwanaume wa kule kwetu akianguka mlevi, atasema njia ilikuwa na shimo. Akizeeka je?

Siku ile ile alinunua piko, ile dawa nyeusi ya nywele, akaipaka kwa mikono yake bila kusoma maelezo. Alipotoka chumbani mama yake alikuwa uani anamenya karanga.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akijifanya hana jipya.

Bernadina alimtazama muda mrefu. "Mwangaluka, mwanangu. Nani kakumwagia oili chafu?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini? Ya kupe?"

Na hapo ndipo Sostenes alipomtazama mama yake kwa mara ya kwanza kwa jicho lile. Bibi kizee wa miaka sabini na saba, kichwa cheupe kama pamba, lakini meno yote mdomoni isipokuwa mawili. Alibeba ndoo kutoka bombani bila kupumzika njiani. Alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa mekundu, kwa sababu miaka arobaini alipika kwa samadi ya ng'ombe kule kijijini, upande wa Solwa, ambako kuni ziliisha zamani na moshi wa samadi hauna huruma na jicho la mtu.

Huko Solwa ndiko alikotoka miaka miwili iliyopita, akiwa na kanga tatu na kinu. Aliondoka wiki moja baada ya jirani yake Generosa, mjane mwenye macho mekundu kama yeye, ambayo kule huhesabiwa alama ya uchawi, kukutwa asubuhi mlangoni kwake amekatwakatwa. Panga lilionekana. Mwenye panga hakuonekana hadi leo, na kijiji kizima kilimtafuta kwa kutazama juu.

Sasa, mwezi ule ule wa shikamoo babu, kililetwa kitambulisho kipya cha Bernadina. Cheti chake cha ubatizo kilisema alizaliwa mwaka 1948. Mwandishi wa kitambulisho, ambaye huenda alikuwa na njaa au alikuwa anachati, aligeuza nambari mbili za mwisho. Kitambulisho kikasoma: Bernadina, amezaliwa 1984.

Bernadina alicheka siku mbili. Alikipeleka bombani, akakipeleka kanisani, akamwonyesha hata muuza dagaa. "Nina arobaini na moja mimi! Mwenye mchumba asiyechagua sana aniletee."

Watu wote walicheka. Sostenes hakucheka. Alikwenda chumbani, akatoa kitambulisho chake, akaviweka viwili kitandani kimoja pembeni ya kingine. Chake kilisema 1972. Alikaa anavitazama kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Yeye anazidi kuzeeka. Mama yake anapungua. Na miaka haipotei hewani. Ikitoka kwa mtu lazima iende mahali.

Sostenes hakuwa mtu wa kukurupuka. Kabla ya kumdhania mama yake ubaya alitafuta kwanza sayansi. Binti yake Noela alikuwa mwalimu wa baiolojia huko Kambarage, Shinyanga mjini, akamtumia ujumbe wa sauti: kwa nini mimi nazeeka na bibi yako hazeeki?

Noela alijibu kwa jumbe tatu. Baba mtu alikaa juu ya ndoo nyuma ya choo, simu sikioni.

"Shikamoo baba. Swali lako hata wanafunzi huliuliza. Ngoja nikujibu kichimbaji. Duara ambalo unajua litajaa maji kabla ya mwaka kwisha, unaliwekea matimba gani?" Matimba ni yale magogo ya kuzuia kuta za duara zisiporomoke, na Sostenes alijulikana Rwamgasa nzima kwa ubahili wa matimba. "Si unachomeka miti yoyote, hata mpapai? Basi na maumbile ni bahili kama wewe. Watu wa kale hawakufika mbali. Simba, njaa, homa, nyoka. Mwili uliojengwa kudumu miaka mia mbili ungekuwa hasara tupu, maana mwenyewe analiwa na simba akiwa na thelathini. Nguvu zikapelekwa kwenye kukua na kuzaa, ukarabati ukapata makombo. Simba wamepungua, baba, lakini matimba ni yale yale."

Sostenes alikohoa. Hakupenda huo mfano wa mpapai.

Ujumbe wa pili: "Halafu kuna kasoro za mwilini. Kasoro inayoua mtoto haisambai, kwa sababu aliyekufa mtoto hana wa kumrithisha. Lakini ile inayoamka ukiwa na hamsini inakukuta umeshazaa, umeshawagawia wenzako. Shamba ambalo pamba imeshachumwa, magugu yakiota nani atapalilia? Na vingine vilikuwa vizuri kabisa ujanani. Kinachokugandishia mifupa ukiwa kijana, hicho hicho kinaweza kuja kukugandishia mishipa. Hata huo upara wako, baba, sehemu yake umetoka kwa bibi."

Sostenes alisimama juu. Ndoo ikaanguka. Umetoka kwa bibi! Mwalimu wa serikali kasema!

Ujumbe wa tatu aliusikiliza amesimama. "Sasa tuje kwa bibi. Wanyama wengi, jike akiacha kuzaa, siku zake zimekwisha. Mwanamke wa binadamu anaacha kuzaa kwenye hamsini hivi, na bado anaishi ishirini, thelathini mbele. Kwa nini? Wako wataalamu wanaosema, bibi huishi kwa wajukuu..."

Sostenes alizima simu. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu ya maneno, lakini mtu akishapata anachokitafuta, cha zaidi ni usumbufu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kalisti. Kalisti alikuwa na kibao njia panda kilichoandikwa: MTAALAMU – MADINI, MAPENZI, KESI, NA KURUDISHA VILIVYOIBWA. Kabla ya utaalamu alikuwa fundi redio, na redio alizopokea hazikurudishwa. Wenye maduara walimwendea kila mwamba ulipokataa kutoa, na kwa Sostenes mwamba ulikuwa umekataa wiki ya saba hiyo.

Kalisti alivitazama vitambulisho viwili kwa muda, akivigeuza. Akasikiliza simu. Akafumba macho.

"Rudia hapo mwisho."

"...bibi huishi kwa wajukuu..."

"Umesikia hiyo 'kwa'?" Kalisti alifumbua jicho moja. "Mkulima anaishi kwa nini?"

"Kwa mahindi."

"Mvuvi?"

"Kwa samaki."

"Bibi?"

"Kwa wajukuu."

"Wajukuu wako karibu hapa?"

"Hapana. Wako Shinyanga, mwingine Dar es Salaam."

"Basi." Kalisti alipangusa mikono. "Akikosa mjukuu anashuka ngazi moja. Anakula aliyeko."

Jamani, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, mwenye duara lake na wachimbaji wanane, alitikisa kichwa kukubali.

Hukumu ya Kalisti ilikuwa fupi. Bibi arudishwe kwao Solwa, akae peke yake, asiwe na wa kumla. Lakini kwanza atajwe mbele ya watu, na wachimbaji wawepo, kwa sababu anayekula miaka ya mtu hashindwi kula na dhahabu yake. Siku: Jumapili, baada ya kanisa.

Ule mlango wa Generosa, Sostenes hakuuwaza. Au aliuwaza, akaugeuza upande wa pili, kama mtu anavyogeuza godoro lenye doa.

Jioni alimwambia mama yake. "Mayu, Jumatatu nakurudisha Solwa ukapumzike."

Bernadina aliendelea kumenya karanga. "Nikapumzike na nani?"

"Nyumba yako si ipo?"

"Ipo. Mlango ndio haupo. Walikuja kuuazima siku ya msiba wa Generosa, wabebee maiti." Alipuliza maganda. "Na hiyo Jumapili mnataka kufanya nini hapa uani? Maana Mwita, msimamizi wako wa duara, kaja kuniuliza kama atakuja na kiti chake."

Sostenes alitazama ukuta. Bernadina alimtazama Sostenes. Mikono yake iliacha kumenya, mara moja tu, kisha ikaendelea.

"Mje wengi," alisema. "Nitapika michembe."

Usiku huo kwa mara ya kwanza hakucheka. Chumba chake cha uani hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la maua mekundu.

Jumapili uani kulijaa. Walikuja wachimbaji wanane wakiongozwa na Mwita, msimamizi wa duara, jitu pana lenye sauti ya pipa. Walikuja majirani. Alikuja Asteria, amevaa nguo za kanisani, kwa sababu mwenye kibanda asipokuwepo kwenye jambo atauza nini Jumatatu. Bernadina aligawa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya karanga kwenye sahani, kwa wote, na kwa Kalisti akaongeza kijiko.

Jua lilikuwa kali. Sostenes alikuwa amepaka piko mpya tangu alfajiri, ili apokee ujana wake akiwa nadhifu, na juu yake kavaa kofia. Jasho likaanza kushuka taratibu, jeusi, kuelekea kwenye nyusi.

Kalisti alisimama, usinga mkononi. Akaeleza. Miaka inaliwa. Mwamba unafungwa. Shahidi wa kwanza ni msomi, mjukuu mwenyewe. Akawasha simu kwa sauti kubwa, wote wakasikia: bibi huishi kwa wajukuu. Wachimbaji wakatazamana. Mmoja akaweka sahani ya michembe chini, polepole, kama imemwuma.

"Mbona umekata?" Bernadina aliuliza. "Huyo ni mke mwenzangu, na mimi namjua. Hawezi kusema neno moja akanyamaza. Imalizie."

"Yaliyobaki ni salamu," alisema Kalisti.

"Basi nisalimiwe. Salamu zangu unazila wewe?"

Watu wakacheka kidogo. Mwita akanyoosha mkono wake mpana, akaichukua simu, akabonyeza.

"...yaani kwa ajili yao," sauti ya Noela ikaendelea. "Zamani zile mama akiwa na mtoto mchanga mgongoni, nani alimchimbia mizizi yule mkubwa aliyeachishwa ziwa? Bibi. Mtoto mwenye bibi alikula. Asiye na bibi alilala njaa, na wengi hawakuamka. Waliobaki wakatuzaa sisi, wakaturithisha huko kuishi sana kwa bibi zao. Wataalamu hawajakubaliana wote, baba, ubishi bado upo. Lakini mimi sihitaji kitabu. Mama akiwa mnadani na wewe ukiwa shimoni, uji nilikunywa wa nani? Msalimie mke mwenzangu, mwambie karanga zimeniishia."

Mwita akasema, "Hii 'kwa' ni nyingine kabisa."

"Maneno ya shule hayo!" Kalisti alipaza sauti, kwa kuwa aliona soko linahama. "Mwalimu anaweza kukosea. Karatasi je? Karatasi ya serikali inakosea?" Akakiinua kitambulisho juu kama padri anavyoinua kikombe. "Bibi anarudi utotoni, na ushahidi umepigwa mhuri!"

Bernadina aliinuka kwenye kigoda chake. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mtaalamu, mimi niliishia darasa la nne, nisomee. Hapo nimezaliwa lini?"

"Elfu moja mia tisa themanini na nne."

"Na haikosei?"

"Serikali haikosei."

"Uko tayari kuapa?"

"Naapa kwa usinga huu."

"Na ya huyu hapa?" Alimwonyeshea Sostenes kidole. "Nayo isome, isione wivu."

Kalisti alisoma. "Sabini na mbili."

"Kwa hiyo mimi na huyu, mkubwa nani?"

Mwita alihesabu kwa vidole, akaishiwa, akaazima vya jirani. "Sosi ni mkubwa," alisema. "Kwa miaka kumi na miwili."

Hapo Bernadina alisogea mbele ya mwanawe, akapiga magoti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Uani kulilipuka kwa kicheko. Asteria alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani. Sostenes alisema, "Mayu, acha."

"Naachaje nami nimelelewa? Baba, mimi ni mtoto wa juzi, sijui mambo ya watu wazima. Nauliza tu." Bernadina alisimama, akawageukia wachimbaji, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha sana. "Kwetu huku ubaya ukitokea, wanatafuta nani? Si mzee wa nyumba? Mnamjua kwa nini? Mgongo umepinda. Meno yanadondoka. Na macho mekundu. Ndivyo mlivyotufundisha, na Generosa mlimfundisha akaelewa. Haya. Mzee wa nyumba hii ni nani? Mvueni kofia."

Hakuna aliyemvua. Alijivua mwenyewe, kwa sababu jasho na piko vilikuwa vimeshamwingia machoni, akawa anayafikicha kwa mikono miwili. Alipoondoa mikono watu waliona: upara, mapengo, mgongo uliopinda, michirizi myeusi usoni, na katikati yake macho mawili mekundu kama makaa yaliyopulizwa.

Asteria hakucheka tena. Alirudi nyuma hatua moja.

"Na duara lilifungwa tangu yeye aanze kushuka mwenyewe," mchimbaji mmoja alisema kwa chini.

"Na matimba ya mpapai alinunua nani?" mwingine akasema. "Alitaka lituangukie?"

"Mimi sikuwa nimesema," alisema Mwita taratibu, "lakini kukoroma kule si kwa kawaida."

Kalisti alikuwa mtu wa biashara. Alilisoma baraza, akaona upepo. Usinga wake, ambao tangu mwanzo ulielekea kwa bibi, ulianza kutetemeka wenyewe, ukageuka, ukageuka, ukasimama umeelekea kifuani kwa Sostenes.

Watu wanane aliowaajiri walikuwa wakimtazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwona. Walikuwa wanaona macho. Sostenes alitafuta pa kutazama, akagundua kwamba kila anapotazama ndipo anapozidi kushtakiwa. Aliukumbuka mlango wa Generosa, na safari hii haukugeuka upande wa pili.

"Imekosewa!" alipiga kelele. "Kadi imekosewa! Ni arobaini na nane! Mama yangu ni mzee!"

"Mzee kiasi gani?" aliuliza Bernadina.

"Mzee sana! Mzee kupita wote hapa! Mimi kanizaa yeye, nimezeeka mwenyewe, kwa miaka yangu mwenyewe, hakuna aliyenila! Upara ni wa kuzaliwa! Matimba ni mabovu! Mwulizeni Noela!"

"Serikali lakini..." alianza Kalisti.

"Serikali imekosea!"

"Basi na usinga umekosea," alisema Bernadina, "maana umeapiwa." Akamgeukia Kalisti, na kumnyang'anya sahani. "Michembe nilikuongezea kijiko. Kirudishe. Si kibao chako kinasema unarudisha vilivyoibwa?"

Sasa walicheka kweli. Mwita alicheka mpaka akakalia kiti cha mtu. Kalisti aliondoka kwa heshima iliyobaki, akisema ana mgonjwa Bulyanhulu, na mtu akamwuliza ni redio ya aina gani.

Mtu angedhani yaliishia hapo. Kesho yake saa moja asubuhi, wachimbaji wakiwa wamesimama wanasubiri kwenda duarani, Bernadina alitoka nje ya pazia lake, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Umeamkaje? Ada yangu ya shule lini?"

Wachimbaji walikufa kwa kicheko. Jumanne tena. Jumatano alimwomba viatu vya kuchezea. Huko kwenye kibanda, Asteria alikuwa amempandisha Sostenes cheo. Hakusema tena shikamoo babu, alisema shikamoo mkwe wa bibi, na hakuna aliyejua maana yake ila wote walicheka.

"Mayu, twende tukaibadilishe kadi," Sostenes alimsihi. "Wanataka uende mwenyewe na cheti cha ubatizo. Nimeomba gari."

"Nina haraka gani? Mimi bado kijana."

"Mayu!"

"Kwa kadi hii nimeanza kuamkiwa 'mambo vipi'. Unataka nirudi kuwa mzee, niende wapi na uzee wenyewe? Uzee una kazi gani hapa Rwamgasa?" Alimenya karanga moja, akaitia mdomoni. "Nitakwenda. Lakini nataka kitu."

"Sema."

"Mlango."

Sostenes alingoja aseme na lingine.

"Mlango wa mbao," Bernadina aliendelea, macho kwenye karanga. "Si pazia. Na komeo. Komeo la chuma, la ndani. Ndani, umenisikia? La nje linamfaa mwenye mbuzi."

Mwanawe alikwenda nyuma ya nyumba, ambako alikuwa ameficha magogo manne ya mti mgumu, yale ya heshima, aliyokuwa akiyatunzia duara jipya. Alichagua mawili yaliyonyooka. Akayabeba mwenyewe, mgongo ukilia, akaanza kuyachonga yawe miimo ya mlango. Mwita alikuja kuangalia, akapiga mluzi.

"Matimba ya namna hii, Sosi? Kwa chumba cha uani?"

"Nishikie huku, usiniulize."

"Hasara hiyo," alisema Bernadina kutoka kwenye kigoda. "Mjukuu wangu kasema. Duara lililokwisha kuchimbwa haliwekewi mti mzuri. Chomeka mpapai, mwanangu."

Sostenes alipiga misumari. Alipiga na kidole chake. Alipomaliza jua lilikuwa limeshalala upande wa machimbo, na mlango ulikuwa umesimama, mzito, wenye bawaba tatu. Bernadina aliuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaingia ndani. Akaufunga. Komeo likateleza: kra, tak.

Sostenes alisimama nje, nyundo mkononi, upara wazi, piko imeshaanza kutoka na nywele nyeupe zikirudi kwao. Alisubiri. Akasikia komeo linafunguliwa, linafungwa tena. Linafunguliwa. Linafungwa. Bibi alikuwa analijaribu.

Alibisha hodi taratibu.

"Nani?" sauti ikauliza ndani.

"Mimi."

"Mimi nani? Siku hizi mimi ni wengi."

Mwita, aliyekuwa anaokota misumari, alijifanya hasikii. Sostenes aliweka nyundo chini.

"Shikamoo mama," alisema.

Ndani ilisikika karanga ikimenywa, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Nimekusikia," alisema Bernadina. "Nafikiria."